Namna ya kujipima kama kweli unawajua nyoka na reptilia wa Afrika Mashariki

Ukiuliza watu kumi kama wanawajua nyoka wa kwetu watakwambia ndio, koboko, kifutu, swila, chatu. Sasa waoneshe picha ya koboko bila jina. Wengi wanamkosa, kwasababu kichwani wanatafuta nyoka mweusi tii wakati koboko mwenyewe ni wa kijivu au kahawia iliyopauka, weusi wake uko ndani ya mdomo. Yani majina tunayo toka utotoni ila sura hatuna, ndo maana nataka nikuelekeze namna ya kujipima ambayo itakusaidia siku ukikutana nae kweli.

Anza na picha. Ingia iNaturalist, tovuti ambayo watu wanaweka picha za wanyama na mimea waliyoiona, chagua nchi yako iwe Tanzania, Kenya au Uganda, tafuta reptilia, utakuta picha kibao zilizopigwa na watu wa kawaida. Mwombe mtu mwingine akuchagulie kama 30 hivi zenye majina yaliyothibitishwa na akufichie hayo majina. Asichukue zile kali tu ambazo nyoka kajipanga mbele ya kamera, achanganye na za mkia unaoishia majanini, nyoka mchanga, nyoka kwenye nyasi kavu, maana hivo ndo utakavyomuona. Aweke na kenge, kinyonga, kobe, na mijusi wasio na miguu, wapo kwetu na watu wanawaua kila siku wakidhani ni nyoka.

Kila picha jibu mambo matatu: ni nani, umemjuaje, na ungekuwa hapo ungefanya nini. Jina sahihi mpe 1, sababu sahihi mpe 2. Ukisema "simjui, narudi nyuma taratibu" hiyo nayo ni 1, usijinyime. Ila ukimwita mwenye sumu kuwa hana sumu, toa 5. Mi naona hapa ndo kipimo chenyewe kilipo, kosa la kumuogopa nyoka wa bure ni dogo (kwa yule nyoka sio dogo, masikini) lakini kosa la kumshika asiyeshikwa linaondoka na mtu.

Sasa kabla hujaanza, kuna sheria moja inazunguka sana mtandaoni uitupe kabisa, ile ya kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni ya jicho iliyosimama kama ya paka. Kwa huku kwetu itakuponza. Koboko na swila wote mboni zao ni duara. Halafu yupo nyoka anayekula mayai, hana sumu na meno yenyewe ni kama hana, lakini mboni yake imesimama, na ukimsogelea anajikunja anasugua magamba yake mpaka yanatoa mlio kama wa kifutu. Ukifuata sheria ile utamkimbia huyu umshike koboko.

Mtego mgumu kuliko yote ni wa kijani, huu utenge mtihani wake peke yake wenye picha hata 15. Anza na aina tatu. Wa kwanza mamba wa kijani wa misitu ya pwani, anapenda sana kukaa juu ya miembe na mikorosho, kijani chake kimekolea mwili mzima, kichwa kirefu, jicho dogo. (Jina lenyewe lina utata, kwetu mamba ni yule wa mtoni, hili la nyoka limetoka kwenye Kizulu likaja kwetu kwa kupitia Kiingereza, kwahiyo ukisoma "mamba" mahali angalia kwanza anaongelewa nani.) Wa pili ni bumslangi, neno la Kiafrikana lenye maana ya nyoka wa mti, kichwa kifupi na macho makubwa mno, dume mara nyingi kijani na jike mara nyingi kahawia. Wa tatu ni wale wembamba wa kijani wa vichakani ambao hawana madhara yoyote, na hao nao macho yao ni makubwa. Umeona shida ilipo? Jicho kubwa peke yake halitoshi, inabidi usome kichwa, unene, magamba na mahali alipo kwa pamoja, na picha ikiwa haioneshi hivyo vyote jibu sahihi ni simjui. Mwaka 1957 kule Chicago Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa kabisa wa reptilia, aling'atwa na bumslangi mchanga, akaona sio ishu, akawa anaandika dalili zake kwenye daftari, kesho yake akafariki. Sumu yake inazuia damu kuganda na inaanza polepole, na dawa yake ya kuzuia sumu ni ya peke yake, ile ya jumla ya nyoka wengi haimuhusu.

Weka pia picha ya yule mdogo mweusi anayeng'aa anayetoka ardhini baada ya mvua. Wapo wadogo weusi wasio na shida ila kuna mmoja meno yake yanachomoza pembeni bila hata kufungua mdomo, kwahiyo hakuna namna ya kumshika shingoni ukawa salama. Jibu la yeyote anayefanana nae ni moja tu: hashikwi.

Kwa wasio nyoka maswali yawe ya haraka haraka. Kinyonga ana sumu? Hana, hata kidogo. Mjusi wa ukutani je? Naye hana, anakula wadudu wako. Chura ni reptilia? Hapana, ni amfibia. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu pale Zanzibar ni wa asili ya hapo? Wengi wanasema ndio, kumbe waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wa kwetu halisi ni kama yule kobe bapa wa Kenya na Tanzania ambae gamba lake ni laini kiasi anajibana kwenye nyufa za mawe.

Ukishafika alama nzuri kwenye picha nenda ukawaone wazima, kuna Snake Park ya Nairobi, Meserani karibu na Arusha, Bio-Ken kule Watamu. Ziba kibao cha jina kwa mkono, taja jina na sababu kwa sauti, ndo usome.

Na mtihani wa mwisho hauna picha, ni maneno matupu, uliza na familia nzima. Mtu kang'atwa mguuni shambani, unafanya nini? Anayejibu kuchanja, kunyonya sumu, kuweka jiwe la nyoka au kufunga kamba ya kubana kafeli hata kama alipata 30 zote. Jibu ni kumtuliza, kumvua pete na viatu kabla hajavimba, mguu usitikisike, na hospitali haraka bila kumfukuza nyoka. Swila katema machoni? Maji mengi safi, muda mrefu, halafu hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kung'atwa na nyoka, kwahiyo hili swali lirudieni mpaka mtoto wa darasa la tatu alijibu bila kusita.