Hita ya gari inanuka? Tumia pua kabla ya spana

Baridi ya Molo ikianza kuuma, ndipo wateja wangu hapa Nakuru hukumbuka kwamba gari lina hita. Mtu ametoka mjini na shati jepesi, akikaribia Mau Summit vioo vimejaa ukungu, anawasha hita, na ghafla gari lote linanuka kama soksi zilizosahaulika kwenye begi. Wengi hukimbilia manukato ya kuning'iniza. Kuna gari lililoletwa kwangu likiwa na vikopo vitatu, na bado lilinuka.

Hatua ya 1: Andaa pua

Toa manukato yote, funga madirisha, gari lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi mwite mtu asiyepanda gari hilo kila siku, maana pua ikishazoea harufu haiisikii tena. Mimi humwita mama wa kibanda cha chai jirani. Hajanikosea hata mara moja.

Hatua ya 2: Feni peke yake

Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita upande wa baridi, feni mwisho. Harufu ya uvundo ikitoka hapa, injini haina kosa. Ikitoka harufu ya plastiki au waya unaoungua, zima mara moja na utoe fyuzi ya feni: mota au rezista yake (kifaa kinachopunguza kasi ya feni) inaungua. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya. Hivyo ndivyo dashibodi hushika moto.

Hatua ya 3: Joto

Sasa washa injini, ngoja sindano ya joto ifike mahali pake pa kawaida, kisha geuza hita kwenye joto kabisa. Harufu tamutamu, kama sharubati iliyochemka, ni kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini.

Hatua ya 4: Kitufe cha mshale

Bonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Hewa ya nje inafungiwa. Harufu ikipungua, inatoka kwenye boneti au barabarani. Ikibaki vilevile, inaishi humo ndani pamoja nawe.

Ikiwa ni harufu tamu

Nyuma ya dashibodi kuna redieta ndogo ya hita, na maji moto ya injini hupita humo. Ikitoboka, mvuke hupanda kwenye kioo cha mbele. Pangusa kioo kwa tishu: ukungu wa kawaida ni maji tu, ila huu huacha utando unaoteleza. Kisha ingiza mkono chini ya zulia la abiria wa mbele. Maji safi yasiyo na harufu huenda yanatoka kwenye kiyoyozi, bomba lake la kumwagia likiwa limeziba. Yakiwa na rangi na utelezi, umempata mwizi.

Lakini angalia: magari mengi huku hutiwa maji ya bomba matupu. Hapo hutasikia utamu wowote, utapata mvuke wenye harufu ya kutu tu. Na kutu hiyohiyo ndiyo iliyoila redieta.

Dawa ni kuibadilisha, na mara nyingi dashibodi lazima ishuke, kazi ya siku nzima. Kama hela haijapatikana, injini ikiwa baridi kabisa, chomoa mabomba mawili ya mpira yanayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, uyaunganishe kwa kipande cha bomba la chuma kinachoenea ndani yake na klipu mbili. Jaza kulanti, toa hewa iliyonaswa humo. Utahisi baridi Timboroa, lakini utafika. Usitie bizari wala yai kwenye redieta, hata kama babu alifanya hivyo: vitaziba vijia vyembamba vya hita kwanza. Na kulanti iliyomwagika ioshe kabisa. Ni sumu, na utamu wake huvutia mbwa na watoto.

Ikiwa ni uvundo

Fungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Katika magari mengi filta ya hewa imekaa nyuma yake. Ikiwa nyeusi, tupa. Inua pia plastiki iliyo chini ya waipa, utoe majani na maua ya jakaranda yaliyooza humo. Kisha washa hita kwa nguvu zote dakika 15, madirisha wazi, ndani kukauke.

Uvundo mzito wa mzoga ni panya. Mkulima mmoja aliyekuwa akibeba mahindi aliniletea gari akiapa kwamba kiyoyozi kimekufa. Nilipofungua mota ya feni, nilikuta kiota kamili na punje za kutosha kupika githeri. Vaa glavu na barakoa, lowesha kiota kwa dawa ya kuua viini kabla ya kukitoa, usifagie kikiwa kikavu. Baadaye ziba mlango wa hewa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, plastiki ataitafuna.

Ikiwa ni oili au moshi

Oili inayoungua mara nyingi hutoka kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na kudondokea ekzosi. Osha injini, endesha kidogo, umulike kwa tochi. Kaza boliti za gasketi mpya kwa usawa, usizikamue.

Moshi wa ekzosi ndani ya gari hausubiri Jumatatu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu, kwa hivyo kichwa kikiuma au usingizi ukija wa ajabu, simama, fungua milango yote, mshuke. Petroli vilevile: zima injini, usiwashe chochote.

Kujaribu kazi yako

Kuzunguka mtaa hakutoshi. Panda kutoka Salgaa hadi Mau Summit hita ikiwa imewashwa, injini ibebe mzigo wake. Ukirudi, gusa tena zulia na upanguse kioo. Vikiwa vikavu, rudisha manukato kama unayapenda.