Skrini Inapochezacheza kwenye Kompyuta Kuukuu ya Linux

Kabla ya kugusa faili lolote la mipangilio, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe (screenshot), si kwa kamera, wakati kasoro inaonekana, kisha uifungue kwenye simu au kompyuta nyingine. Ikiwa mistari na viraka vya rangi vimo ndani ya picha hiyo, kasoro ilikwisha kuchorwa kabla ya kufika kwenye skrini, na wa kushukiwa kwanza ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya michoro, au kompozita, yaani programu inayounganisha madirisha yote kuwa taswira moja. Ikiwa picha ni safi ilhali skrini inaendelea kupepesa, tatizo liko mbele zaidi: kwenye kebo, kwenye skrini yenyewe, au kwenye namna kadi ya michoro inavyopeleka taswira nje.

Jaribio la pili ni kuwasha upya na kuingia kwenye menyu ya BIOS, programu ya bodi kuu inayotangulia Linux, ukae humo dakika chache. Mistari ikionekana hata huko, Linux haihusiki. Kaza skrubu za kebo ya VGA, badilisha kebo, jaribu skrini nyingine, na ufute vumbi kwenye feni ya kadi.

Menyu ya BIOS ikiwa safi, fungua terminali na uandike `lspci -k`. Tafuta sehemu ya VGA, kisha usome mstari unaoanza na "Kernel driver in use". Kwa Intel unatarajia i915, kwa kadi za zamani za AMD, radeon, na kwa NVIDIA mara nyingi nouveau. Mstari huo usipokuwepo, kadi haina draiva. Andika pia `glxinfo -B`, ambayo katika Debian na Ubuntu hupatikana kwenye kifurushi cha mesa-utils. Jina llvmpipe likitokea, prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na hapo madirisha kukwamakwama yanapokokotwa si jambo la ajabu.

Chanzo cha hali hiyo mara nyingi ni kidogo mno. Mtu aliposakinisha mfumo skrini ikawa nyeusi, akaongeza neno `nomodeset` kwenye mstari wa kuwashia mfumo ili aweze kuendelea, kisha akalisahau. Neno hilo huzuia draiva za kawaida kuitawala kadi. Angalia kwa `cat /proc/cmdline`, na ukilikuta, liondoe (faili la `/etc/default/grub` limeelezwa hapo chini) kabla ya kujaribu kingine chochote. Pitia vilevile saraka ya `/etc/X11/xorg.conf.d`. Faili kama `20-intel.conf`, lililonakiliwa kutoka mwongozo wa miaka mingi iliyopita, huilazimisha Xorg, programu inayosimamia uchoraji wa skrini, kutumia draiva ya kale ya intel badala ya ile ya jumla iitwayo modesetting. Libadilishe jina ili lisisomwe, toka kwenye akaunti, uingie tena.

Wenye NVIDIA wana njia finyu zaidi. Kadi za GeForce 8 na 9 zilitegemea draiva za NVIDIA yenyewe za mfululizo wa 340, ambao uliacha kuhudumiwa mwishoni mwa 2019, na zile za 400 na 500 zikategemea 390, uliofikia kikomo mwishoni mwa 2022. Kulazimisha draiva hizo juu ya kerneli (kiini cha Linux) mpya ni kujitafutia kazi. Kwa maoni yangu nouveau, ingawa ni ya polepole, ni nafuu.

Kuchanika kwa picha ni suala jingine. Kokota dirisha upesi kutoka kushoto kwenda kulia: nusu ya juu ikitangulia na ya chini ikabaki nyuma, taswira haiendi sambamba na mzunguko wa skrini. Katika Xfce, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux, andika `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx`, kisha `xfwm4 --replace`. Ikiwa badala ya kuchanika unaona vivuli vya madirisha yaliyokwisha kufungwa, zima kompozita kabisa kwa muda, uone kama vitatoweka.

Kwa Intel, skrini inayopepesa huku picha yake ikiwa safi huweza kusababishwa na mbinu za kuokoa umeme. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijaanza, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza `i915.enable_psr=0`, kisha ubonyeze Ctrl+X. Badiliko hili hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo halina hatari. Lisiposaidia, rudia kwa `i915.enable_fbc=0` peke yake, kwani ukiyaweka yote mawili pamoja hutajua lipi lililotibu. Lililofaa liandike ndani ya `/etc/default/grub`, na katika Debian, Ubuntu au Mint ukamilishe kwa `sudo update-grub`.

Kasoro iliyoanza mara tu baada ya kusasisha mfumo ipimwe kwa kuwasha kerneli ya awali, ambayo kwa kawaida bado imo kwenye menyu hiyohiyo. Na ikiwa viraka vinatokea ovyo kwenye kila kerneli, kumbuka kuwa kadi iliyomo ndani ya prosesa au bodi kuu huazima kumbukumbu ya RAM: washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, uiache imalize angalau mzunguko mmoja mzima, na ikitoa kosa hata moja, pima vipande vya RAM kimoja kimoja.