Kupima Kama Jeshi la Majini Liko Tayari kwa Bahari Kuu

Ukiwa kwenye feri ya Likoni na kuiona manowari ikielekea Mtongwe, kambi ya Jeshi la Majini la Kenya mjini Mombasa, usianze kuhesabu mizinga. Uliza kwanza inaweza kukaa siku ngapi mbali na bandari ya Kilindini bila kurudi kutia mafuta na maji. Jeshi lisilo na meli ya kuzijazia nyingine mafuta zikiwa mwendoni, bomba likining'inia juu ya mawimbi ya kusi, bado ni la pwani, hata likimiliki meli kubwa kama KNS Jasiri, iliyojengwa Uhispania na kufika Mombasa mwaka 2012.

Kisha gawanya idadi ya meli kwa tatu, kwa kuwa moja ikiwa kazini, ya pili huwa chelezoni ikifanyiwa matengenezo na ya tatu mazoezini. Vipuri, ambavyo wanasiasa huvisahau, vikaguliwe ghalani, si kwenye makaratasi.