SOMO: Kitenzi cha Kifaransa "aller" (kwenda) kimetoka wapi (soma kabla hujanifuata inboksi)

Wakuu, kila wiki naulizwa kwa nini Wafaransa wanasema je vais (naenda), nous allons (tunaenda), halafu j'irai (nitaenda), mbona kama vitenzi vitatu. Ni vitatu kweli. Naandika mara moja.

1. Andika maumbo yote: vais, vas, va, allons, allez, vont, irai, allé.

2. Yapange kwa herufi ya kwanza. Mafungu matatu: V, A, I.

3. Hapa niliwahi kuharibu. Darasa la jioni nilianzia aller yenyewe kwa sababu ndo iko kwenye kamusi, nikajaza ubao mzima mishale ya kuonyesha aller ilivyogeuka vais, wanafunzi wakanakili, wiki iliyofuata ikabidi niwaambie wakate yote. USIANZIE hapo. Kila fungu litafutie mzazi wake wa Kilatini. V ni vadere: vado, vadis, vadit, vadunt, yasome kwa sauti utasikia vais, vas, va, vont. I ni ire, na irai ni ire ikaungana na habeo, "nina", ndo maana ile -ai ya mwisho ni ileile ya j'ai, "nina" ya Kifaransa. A wengi wanaipeleka kwa ambulare, kutembea, ila njia iliyopita hadi kuwa aller bado inabishaniwa. Na ukikuta kinyota kabla ya neno, hilo umbo limekisiwa, usilinakili kama limeandikwa mahali.

4. Hakiki kwenye Trésor de la langue française, kamusi kubwa ya Kifaransa, ipo bure mtandaoni.

MASWALI

— Kwa hiyo irai ni aller iliyofupishwa?
Rudi namba 3.

— Mi najua aller imetoka ala ya Kilatini, bawa. Umekosea.
Kufanana herufi sio undugu. Nionyeshe hatua zake, moja moja.

— Mwalimu shikamoo, niko Bukavu. Ni Kifaransa tu?
Marahaba, hapana. Waitaliano wana vado (naenda) na andiamo (tunaenda), Waingereza kitenzi chao ni go lakini went yake (alienda) waliiazima kwa kitenzi kingine, wend. Hata sisi, kitenzi ni kuja lakini humwambii mtu "ja", unamwambia njoo. Maneno ya kila siku mtoto anayashika mapema mno, ndo maana ukale wake haufutiki.

— Na ambulensi?
Umeuliza vizuri sana! Wafaransa hospitali iliyofuata jeshi vitani waliiita hôpital ambulant, hospitali inayotembea, ikazaa ambulance. Ile mb ambayo aller haina, ambulensi bado inayo.