SOMO: Meno ya mbele hayakutani? Waya zinavyoyafunga taratibu

Wadau habari zenu. Mimi ni daktari wa meno, shughuli yangu kila siku ni waya, na kesi inayoniuma roho ni ya mtu anauma kabisa magego yanagusana ila mbele pamebaki uwazi, chapati anaipeleka pembeni ndo ikatike, akisema "sasa" ulimi unachungulia.

Kabla ya waya tafuta chanzo. Kunyonya kidole mpaka mtoto anaanza shule, ulimi kusukuma meno kila akimeza, kupumulia mdomo sababu ya nyama za puani, au taya lenyewe limekua hivo. Eksirei ya kichwa ya upande inaonyesha. Kama shida ni mifupa, imezidi sana na mtu ni mzima, hapo ni upasuaji pamoja na waya, asikudanganye mtu.

Haya, zinabandikwa braketi (vile vidude vidogo vinavyogundishwa kwenye kila jino kushika waya), za mbele zinasogezwa kidogo kuelekea ufizi, then inapita waya nyembamba ya nikeli na titani, inchi 0.014 au hata 0.012. Hapa nisikilizeni vizuri. Jino limeshikwa kwenye mfupa na nyuzinyuzi zenye vimishipa vya damu, ukilivuta kidogo kidogo damu inapita, mfupa unaliwa upande mmoja unajengwa upande wa pili, jino linatembea. Ukivuta kwa nguvu vimishipa vinabanwa, pale panakufa, jino linagoma wiki kadhaa na mzizi unaweza kuliwa ukawa mfupi, na mzizi haurefuki tena! Kushusha jino moja la mbele gramu 35 mpaka 60 zinatosha, yaani kama uzito wa yai.

Baadae waya ngumu ya chuma na raba ndogo kutoka meno ya juu kwenda ya chini, usiku na mchana, unatoa ukila na ukipiga mswaki, unaweka mpya kila siku. Dada mmoja alikuwa anavaa mbili mbili awahi harusi yake, meno yakaanza kucheza, tukasimamisha kila kitu mwezi na nusu.

Magego yakiwa yametokeza sana tunaweka skrubu ndogo kwenye mfupa tunayazamisha, yakizama milimita 1 mbele panafunga kama 2 au zaidi.

Na ulimi sasa. Ncha yake ikae kwenye vimatuta nyuma ya meno ya juu, meza mate meno yakiwa yamefumba, rudia kila siku.

MASWALI

*Dokta mwanangu ana miaka 4 ananyonya kidole, nimwekee waya?*
Hapana mama. Msaidie aache kwanza, akiacha mapema mara nyingi panajifunga penyewe.

*Mi natokea Arusha meno ya kahawia, braketi zitashika?*
Zinashika, ila kama yameathirika sana na floraidi (madini ya kwenye maji yanayoleta huo ukahawia) zinang'oka mara kwa mara kuliko kawaida, mwambie daktari aandae jino vizuri kabla ya gundi.

*Nilitoa waya mwaka jana uwazi unarudi, nilikuwa navaa riteina (kile kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa) wikiendi tu, mbona nimelipa hela zote?*
Pole sana ndugu yangu. Aina hii inarudi kirahisi kuliko nyingi, hasa ulimi ukibaki na tabia ileile. Rudi wiki hii wapime, uwazi ukiwa bado mdogo kazi yake nayo ni ndogo, na safari hii riteina ni kila usiku.