Mbwa mkubwa wa shambani akianza kunguruma, usikimbilie fimbo

Wafugaji wengi siku hizi, hasa wa kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa, wamehamia kwenye mbwa wakubwa, Boerboel wa Afrika Kusini, Rottweiler, German Shepherd au chotara wao, na sababu inaeleweka, mwizi haogopi koko wa kilo 15. Shida inaanza mbwa akifika mwaka na nusu au miaka miwili hivi, kashapita kilo 40, siku moja kijana wa kazi anampelekea ugali anasikia grrrrr. Hapo ndo utapewa ushauri wa kila aina, mchape ajue nani bosi, mnyime chakula siku mbili, na wengine watakwambia afadhali kawa mkali, mtilie na pilipili kwenye chakula azidi. Yote hayo ni kuharibu mbwa.

Kunguruma ni mbwa anaongea, anakwambia hapo ulipo panatosha usisogee. Ukimchapa kila akinguruma atanyamaza kweli, ila kilichomkera kipo palepale, ye kajifunza tu kwamba kutoa taarifa kunaleta fimbo, so siku nyingine anaruka moja kwa moja kwenye mkono bila sauti yoyote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa mbwa wa ukubwa ule mshindo wenyewe ni kushonwa nyuzi.

Anza na mwili wake kwanza. Mi nilikuwa na dume chotara wa Boerboel, akaanza kumngurumia kijana kila akitaka kumfunga mnyororo, tukajua huyu kijana atakuwa anampiga tukiwa hatupo na nusura nimtimue. Daktari wa mifugo alivyokuja akamfunga mdomo kwa kamba, akakunja sikio la kushoto, ndani kupe wamejaa wamevimba kama mbegu za nyonyo na chini yao kidonda kinanuka. Mnyororo ulikuwa unasugua papo hapo, yaani mnyama alikuwa anasema naumia na sisi tunatafuta mchawi. Kidonda kilipopona akawa anainama mwenyewe afungwe.

Kwa hiyo kagua masikio, meno, makucha, na muangalie anavyonyanyuka asubuhi. Mbwa wakubwa wana tatizo la nyonga, akiinuka kwa shida au akivuta miguu ya nyuma ujue kuna maumivu, na ukimshika kiunoni lazima angurume. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa, zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimwagie mbwa kwa kukisia kipimo.

Kama mbwa mpole kabadilika ghafla, anatoa mate mengi, sauti imekwaruza, anashindwa kumeza, anang'ata hata miti, hapo hakuna mafunzo tena. Usimshike, usimpanue mdomo eti kakwamwa na mfupa, mfungie kama unaweza bila kumgusa na uite afisa mifugo, hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri dalili maana zikishatokea kupona ni karibu haiwezekani. Chanjo mbwa anaanza miezi mitatu, na kila mwaka inarudiwa.

Sasa kama afya iko poa na ananguruma kwenye chakula tu, hiyo ni woga wa kunyang'anywa, na wengi tumeusababisha wenyewe kwa kale kamchezo ka kumvuta sahani akiwa anakula ili kumzoesha. Acha kabisa. Mpe mara mbili kwa siku kwa saa zilezile, sehemu moja, mbwa wengine wakae mbali, na watoto mbali zaidi. Akiwa anakula simama hatua tano, mrushie kipande cha ini au dagaa, ondoka. Kesho tena hivohivo. Akianza kukutazama huku mkia umelegea, punguza hatua moja, akiacha kutafuna akakaza mwili na ukaona weupe wa jicho umezidi, rudi nyuma bila kumkemea. Hii ni kazi ya wiki kadhaa, anayekuahidi siku tatu anataka hela yako tu.

Mnyororo mfupi nao unachangia sana, mbwa aliyefungwa anajua hana pa kukimbilia kwa hiyo kila anayekaribia ni adui. Mjengee banda lenye uwanja, au tandaza waya kati ya nguzo mbili pete ya mnyororo iteleze humo, na usiku mwachie. Kuhasi dume kunapunguza kuzurura na ugomvi wa kugombea majike, ila woga hakuutoi, usije kumlaumu daktari.

Na sio kila mngurumo ni wa kutibu. Yule dume wangu alizeeka bado anamngurumia jamaa wa kuleta pumba, hatukuwahi kujua kwa nini, pikipiki ikisikika tunamwingiza bandani, jamaa anashusha magunia, akishaondoka tunamtoa.