Kifurushi kimefika na wewe umesafiri: jinsi ya kukitoa forodha ukiwa mtu wa Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, naandika hii risiti za malipo zikiwa bado mezani. Shemeji yangu aliyeko Liverpool alinitumia pampu ya maji ya injini ya boti, iliyotumika, pamoja na viatu vya watoto. Mzigo ukaondoka vizuri, halafu nikapata msiba wa mjomba Montepuez, Msumbiji, nikavuka. Ukishapita Daraja la Umoja pale Mtambaswala laini ya Tanzania inasuasua, baadae inakata kabisa, na kumbe siku zilezile mzigo umeshatua Dar, meseji zinatumwa kwenye laini ambayo haipo hewani. Siku ya tisa nikapata intaneti kwa binamu, WhatsApp inafunguka nakuta shemeji kaandika mara sita: mzigo umekwama forodha, stoo inahesabu kwa siku. Boti ipo mchangani Shangani na vijana wanne hawana kazi. Roho iliniuma.

Kabla mzigo haujatumwa, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, sio Baba Asha wala jina la kijiweni. Namba za simu ziwe mbili, yako na ya mtu anayebaki nyumbani. Kukosa hiyo ya pili ndo kulikonigharimu mimi.

Sasa thamani, na hapa nisomeni taratibu maana ndipo pesa inapoondokea. Shemeji kwa upendo wake aliandika "zawadi" na bei akaacha wazi, akidhani ananipunguzia. Neno zawadi halimzuii afisa wa forodha kukadiria, na asipoona risiti anakadiria mwenyewe. Pampu yangu ya mtumba ikakadiriwa kama mpya. Ikabidi shemeji arudi kwa aliyemuuzia, aombe risiti, aipige picha, anitumie, mimi niitume kwa barua pepe kwa kampuni iliyoleta mzigo, zikaenda siku nne nyingine. Kwahiyo mwambie aliyeko huko aandike kitu kimoja kimoja: pampu ya injini ya boti iliyotumika, moja, bei kadhaa, viatu vya watoto, jozi tatu, bei kadhaa. Ukipitia posta ni fomu ya CN22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN23 kwa vya thamani kubwa, zinabandikwa juu ya boksi. Asiandike "vitu binafsi" akaishia hapo. Nakala ya risiti iwe ndani ya boksi, nyingine ikae kwenye simu yako.

Na jueni kodi haipigwi kwenye bei ya kitu peke yake, inajumlisha nauli ya mzigo na bima. Mfano kitu cha dola 100, nauli 60, bima 2, wao wanaanzia 162. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35 kutegemea bidhaa. Ukiangukia 25 ni dola 40.5, jumla 202.5, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo jumla, 36.45. Yani karibu dola 77 kwa kitu cha dola 100, bado tozo ndogo kama ya reli, na kampuni iliyoleta nayo ina gharama yake ya kukutolea. Omba mchanganuo wa maandishi, kodi mbali na gharama ya kampuni mbali. Mimi nilipoomba ndo nikaona wapi napaswa kubishia na wapi nalipa tu. Kama ndani kuna dawa, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) watahusika, ulizeni kabla hazijatumwa.

Kulipa unapewa kontroli namba, yaani namba ya kulipia serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na ndugu yako aliyeko Mtwara anaweza kulipa kwa simu bila wewe kuwa na laini hewani. Jina la taasisi likitokea alisome kabla ya kuweka PIN. Mtu akikwambia tuma kodi ya serikali kwenye namba yake ya simu, kata hiyo simu.

Msikimbilie basi la Dar. Mdogo wangu alishaanza kutafuta nauli, kilomita zaidi ya 500, wakati mzigo ukishalipiwa unaletwa Mtwara, uliza tu uletwe ofisi gani. Ila siku ya kwanza alirudishwa kwa sababu hakuwa na barua. Andika barua ya idhini kwa mkono, taja namba ya mzigo (za posta ni herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi ulikotoka, GB kwa Uingereza), jina lake kamili, namba yake ya NIDA, saini, piga picha ikiwa na nakala ya kitambulisho chako, mtumie akaichapishe. Nilivyofanya hivyo kesho yake akahudumiwa vizuri na yule dada wa dirishani.

Nikamwambia asisaini kabla hajafungua boksi, akafungua palepale kaunta. Kona moja ilikuwa imelowa, viatu vipo jozi zote tatu, pampu nzima, ila kile kimfuko cha boliti nne hakikuwemo. Yule dada akaandika upungufu kwenye karatasi ya kupokelea, wakasaini wote wawili, na picha ya karatasi hiyo ndo niliyoitumia kudai.